Kuondoa Uvimbe wa Njia ya Chakula kwa Kamera, Bila Kupasua Tumbo

Somo la afya kwa wakazi wa kata

Si jambo geni katika kaya nyingi kumwona mzee akishushia kila tonge la ugali kwa funda la maji. Akiulizwa, hujibu kwamba koo limekauka, au kwamba umri umekwenda. Miezi kadhaa baadaye ugali humshinda, akahamia kwenye uji. Kisha uji nao huanza kukwama. Anapofikishwa zahanati huwa amekonda, na mganga anayempokea huandika rufaa huku akijua kwamba safari imeanza kwa kuchelewa.

Ipo tiba ambayo, ikiwahi, huondoa uvimbe wa namna hiyo ukiwa bado mdogo, bila kisu kupita juu ya ngozi. Daktari hupitisha kamera mdomoni au katika njia ya haja kubwa, akaitafuta sehemu isiyo ya kawaida na kuiondoa kutokea ndani. Somo hili linaeleza tiba hiyo ni nini, inavyofanyika, inamfaa nani, hatari zake, na sababu ya mafanikio yake kutegemea mno siku ambayo mgonjwa anafika hospitalini.

Ukuta wenye tabaka nne

Njia ya chakula ni mrija mmoja mrefu unaoanzia mdomoni, ukapita kwenye umio, mfuko wa tumbo, utumbo mwembamba na utumbo mpana, ukaishia katika njia ya haja kubwa. Ukuta wa mrija huo una tabaka. La ndani kabisa, linalogusana na chakula, ni tabaka la ute. Chini yake lipo tabaka laini lenye mishipa ya damu na mishipa ya limfu. La tatu ni tabaka la msuli, ambalo hujikunja na kukunjuka ili kusukuma chakula. Nje ya yote kuna utando mwembamba unaofunika.

Mpangilio huu ndio msingi wa somo lote. Saratani nyingi za njia ya chakula huanzia katika tabaka la ute. Zikiwa bado humo, kwa kawaida hazijapata njia ya kusafiri. Zikipenya hadi tabaka la pili huikuta mishipa ya damu na limfu, nayo huwa kama barabara kuu: seli za ugonjwa huweza kubebwa hadi kwenye tezi, ini au mapafu. Kwa hiyo swali la kwanza la daktari huwa ni uvimbe umezama kiasi gani, na upana wake hufuata baadaye. Uvimbe mpana wa juujuu unaweza kuondolewa kwa kamera, ilhali mdogo uliozama unaweza kuhitaji upasuaji mkubwa.

Kinyama kinavyogeuka saratani

Katika utumbo mpana huota vinyama ambavyo wataalamu huviita polipi. Vingine husimama juu ya kikonyo kama uyoga, vingine hulala bapa kama kiraka. Vingi havina madhara. Vipo hata hivyo vya aina iitwayo adenoma, ambavyo vikiachwa, baadhi yake hubadilika polepole na kuwa saratani. Mabadiliko hayo kwa kawaida huchukua miaka mingi, mara nyingi kumi au zaidi. Muda huo ni nafasi kubwa ya kuokoa maisha, kwa kuwa kinyama kilichoondolewa hakiwezi tena kugeuka.

Jambo hili limethibitishwa kwa utafiti. Nchini Marekani, watu walioondolewa vinyama vya adenoma kwa kamera walifuatiliwa kwa miaka mingi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba vifo miongoni mwao kutokana na saratani ya utumbo mpana vilikuwa pungufu kwa takriban asilimia 53 vikilinganishwa na vifo vilivyotarajiwa katika jamii kwa ujumla.

Katika umio na mfuko wa tumbo ugonjwa mara nyingi hauanzi kwa kinyama kinachoonekana wazi. Huanza kwa eneo dogo lililobadilika rangi, lililochubuka au lililobonyea kidogo. Ndiyo maana kulibaini kunahitaji jicho lililozoea na chombo kizuri.

Chombo kilivyopatikana

Mwaka 1868 daktari Mjerumani Adolf Kussmaul alifaulu kutazama ndani ya tumbo la mtu aliye hai kwa kutumia bomba lililonyooka. Aliyemsaidia alikuwa mchezaji wa mazingaombwe aliyezoea kumeza panga, maana mgonjwa wa kawaida asingeweza kulistahimili bomba hilo. Karibu miaka 90 baadaye, mwaka 1957, Basil Hirschowitz, daktari mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa akifanya kazi Marekani, alionyesha chombo kinachopinda, chenye nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga. Kuanzia hapo kamera iliweza kufuata kona za mwili.

Kutazama kukafuatwa na kutibu. Mwaka 1969, mjini New York, Hiromi Shinya na William Wolff walianza kuondoa vinyama vya utumbo mpana kwa kitanzi cha waya kilichopitishwa ndani ya kamera. Japani, nchi iliyokuwa ikisumbuliwa sana na saratani ya mfuko wa tumbo, iliuendeleza ujuzi huo. Katika miaka ya 1980 madaktari wake waliieneza mbinu ya kuinua tabaka la ute kwa maji kabla ya kulikata, na mwishoni mwa miaka ya 1990 wakaikamilisha mbinu ya kuchuna eneo pana kwa kisu kidogo cha umeme na kulitoa likiwa kipande kimoja.

Hatua za tiba

Mgonjwa hulazwa kwa ubavu wa kushoto na kupewa dawa ya kumtuliza, au ya usingizi kamili ikiwa kazi ni ndefu. Kamera yenyewe ni mpira mwembamba unaopinda, wenye taa na jicho nchani, pamoja na tundu la kupitishia vifaa. Picha huonekana katika skrini.

Hatua ya kwanza ni kuchora mipaka. Daktari huosha eneo hilo na mara nyingi hulipaka rangi. Kwenye umio hutumika maji ya iodini: ute wenye afya hugeuka rangi ya kahawia, na sehemu yenye kasoro hubaki bila kushika rangi. Mpaka ambao jicho tupu lingeupita hujitokeza wazi.

Hatua ya pili ni kuinua. Sindano nyembamba hupitishwa ndani ya kamera, na maji ya chumvi yaliyotiwa rangi ya buluu huingizwa chini ya tabaka la ute. Eneo lenye kasoro hunyanyuka kama lengelenge, na kati yake na msuli hubaki mto wa maji. Mto huo hufanya kazi mbili. Kwanza, huukinga msuli usiungue wala kutoboka. Pili, hutoa fununu ya kina cha ugonjwa: eneo likikataa kunyanyuka, huenda ugonjwa umekwisha kushikamana na tabaka za chini, na daktari huweza kusitisha kazi.

Hatua ya tatu ni kukata. Kwa uvimbe mdogo, kitanzi cha waya huzungushwa chini yake na kukazwa. Umeme hupitishwa, ukakata na kuziba mishipa ya damu kwa wakati mmoja. Vinyama vidogo sana vya utumbo mpana hukatwa kwa kitanzi bila umeme wowote. Katika utumbo mpana, uvimbe usiozidi takriban milimita 20 huweza kutolewa mzima kwa njia hii. Unaozidi hapo mara nyingi hutolewa vipande vipande. Penye shaka ya saratani ya mwanzo, hupendelewa mbinu ya kuchuna kwa kisu cha umeme ili kipande kitoke kizima, ingawa kazi hiyo huweza kuchukua saa kadhaa na huhitaji mafunzo ya muda mrefu.

Hatua ya nne ni kukagua kidonda kilichobaki. Mshipa unaovuja huzibwa kwa umeme, na sehemu dhaifu hubanwa kwa klipu ndogo za chuma.

Hatua ya tano hufanyika maabara, nayo ina uzito sawa na kukata. Kipande hutandazwa juu ya ubao laini na kubanwa kwa pini, kisha hutiwa katika dawa ya kuhifadhi na kupelekwa kwa mtaalamu wa patholojia. Yeye hutazama kwa hadubini mambo matatu: kama kingo za kipande ni safi, ugonjwa umezama kiasi gani, na kama seli zimeingia katika mishipa. Majibu yake ndiyo yanayosema kama tiba imekamilika au mgonjwa anahitaji upasuaji. Kipande kilichokatwa vipande vingi humwia vigumu mtaalamu huyo, kwa sababu haijulikani kwa hakika ukingo uko wapi.

Anayefaa na asiyefaa

Tiba hii humfaa mtu mwenye vinyama vya utumbo mpana, mwenye seli zilizoanza kuharibika bila kuwa saratani, na mwenye saratani ya mwanzo kabisa iliyo katika tabaka la ute. Faida zake ni kubwa. Hakuna mshono tumboni, umio au utumbo hubaki mahali pake, na wagonjwa wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo au baada ya siku chache.

Haimfai mtu ambaye ugonjwa wake umepenya hadi msuli au umefika kwenye tezi. Kwa huyo, kukata sehemu ya juu ni sawa na kufyeka magugu na kuacha mizizi. Atahitaji upasuaji, mionzi, dawa za saratani au mchanganyiko wa hivyo. Kwa yule ambaye umio umezibwa na uvimbe usioweza kuondolewa, kamera bado ina msaada mwingine: kupitishia mrija maalumu unaofungua njia ili aweze kumeza chakula na maji.

Hatari zake

Hakuna tiba isiyo na hatari, na mgonjwa ana haki ya kuelezwa kabla ya kutia saini ya ridhaa. Hatari ya kwanza ni kutokwa na damu, ambayo huweza kutokea papo hapo au hata siku kadhaa baadaye, hadi takriban wiki mbili. Ya pili ni kutoboka kwa ukuta. Matundu mengi madogo hugunduliwa na kufungwa kwa klipu wakati huohuo, lakini mengine hulazimu upasuaji wa dharura. Ya tatu huhusu zaidi umio: eneo lililochunwa likiwa kubwa, hasa likizidi robo tatu ya mzingo, kovu huweza kuubana mrija, na mgonjwa akahitaji kupanuliwa kwa puto maalumu, pengine zaidi ya mara moja.

Kwa sababu hizo tiba hii hufanyika katika hospitali yenye daktari aliyefunzwa, vifaa vya kuzuia damu, na wapasuaji walio karibu. Mwananchi asishangae, wala asione amenyimwa haki, anapopewa rufaa kutoka hospitali ya wilaya kwenda ngazi ya juu.

Kwa nini somo hili linaihusu Afrika Mashariki

Saratani ya umio hupatikana kwa wingi katika ukanda unaoanzia Ethiopia, ukapita Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi, hadi Afrika Kusini. Huwapata pia watu wenye umri mdogo kuliko inavyoonekana katika nchi nyingi nyingine. Sababu zake hazijajulikana zote, lakini tumbaku na pombe zimo. Vinywaji vya moto mno vimo pia katika orodha ya vitu vinavyoshukiwa: mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kwamba vinywaji vinavyonywewa vikiwa na joto linalozidi nyuzi 65 za Selsiasi huenda husababisha saratani ya umio. Kinachoshukiwa ni joto lenyewe. Chai haina kosa. Chai ya maziwa inayochemshwa pamoja na maziwa yake hutoka jikoni ikiwa ya moto kuliko ile inayoongezwa maziwa baridi kikombeni. Kuiacha ipoe kwa dakika chache hakugharimu hata senti moja.

Hapa ndipo penye ugumu wa jambo hili. Umio hutanuka. Uvimbe unaweza kukua ndani yake kwa muda mrefu bila mtu kuhisi chochote, na chakula huanza kukwama njia ikiwa imekwisha kubanwa sana. Maana yake ni kwamba mgonjwa anayesubiri dalili ya kukwama, mara nyingi husubiri hadi wakati wa tiba ya kamera umepita. Wanaonufaika nayo zaidi ni wale waliopimwa mapema: aliyechunguzwa kwa sababu ya kiungulia cha muda mrefu, aliyeonekana ana upungufu wa damu usio na sababu, au aliyekwenda kupima kwa kuwa mzazi au ndugu yake aliugua.

Dalili zisizopaswa kusubiri

Mkazi yeyote mwenye mojawapo ya hali zifuatazo anashauriwa kufika kituo cha afya bila kuchelewa:

1. Chakula kigumu kukwama au kuuma wakati wa kumeza, hata kama hutokea mara mojamoja.
2. Damu katika choo, au choo cheusi kama lami.
3. Kutapika damu, au matapishi yanayofanana na masimbi ya kahawa.
4. Kukonda bila sababu, au kuchoka pamoja na upungufu wa damu.
5. Mabadiliko ya choo yanayodumu wiki kadhaa: kuharisha, kufunga choo, au vyote kwa kupokezana.
6. Kiungulia au maumivu ya tumbo yanayorudi kila dawa inapokwisha.

Hali ya pili inahitaji neno la ziada. Wengi wanaoona damu chooni huamua wenyewe kuwa ni bawasiri, wakanunua dawa ya kupaka au ya mitishamba, na miaka ikapita. Huenda kweli ikawa bawasiri. Hata hivyo kinyama na saratani ya utumbo mpana hutoa damu ileile, na jicho la mgonjwa haliwezi kuzitofautisha. Mwenye bawasiri naye hana kinga dhidi ya saratani. Anaweza kuwa na vyote viwili.

Mwenye mzazi, kaka au dada aliyewahi kuugua saratani ya utumbo mpana amweleze mganga jambo hilo hata kama yeye mwenyewe hana dalili. Utaratibu unaotumika katika nchi nyingi ni kuanza kumpima mtu wa namna hiyo akifikisha miaka 40, au miaka kumi kabla ya umri aliokuwa nao ndugu yake alipogundulika, kwa kutazama kipi kinatangulia.

Safari ya rufaa huanzia zahanati au kituo cha afya, ikapita hospitali ya wilaya na ya mkoa, hadi hospitali ya kanda au ya taifa. Kila ngazi, mgonjwa aombe maandishi: majibu ya vipimo, orodha ya dawa alizotumia na barua ya rufaa. Kabla ya kuondoka, aulize pia kama bima yake inagharamia kipimo chenyewe, kuondoa kinyama na uchunguzi wa maabara, kwa kuwa hivyo ni vitu vitatu tofauti.

Kabla na baada ya tiba

Kwa kamera ya juu, mgonjwa hukaa bila chakula kwa saa sita hadi nane. Kwa kamera ya chini, huacha vyakula vyenye mbegu na nyuzinyuzi, kama mahindi, njugu na mboga za majani, siku mbili au tatu kabla, kisha hunywa dawa ya kusafisha utumbo. Dawa hiyo husumbua, lakini utumbo usio safi huficha vinyama, na kipimo hulazimika kurudiwa. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, aspirini au dawa za kisukari amwambie daktari mapema. Asiziache kwa uamuzi wake, wala asiendelee nazo kimyakimya.

Baada ya tiba, mgonjwa arudi nyumbani akiwa na msindikizaji, na asiendeshe gari wala pikipiki kwa siku nzima ikiwa amepewa dawa ya kumtuliza. Chakula huwa laini kwa muda atakaoelekezwa. Maumivu makali ya kifua au tumbo, tumbo kuwa gumu, homa, kutapika damu au choo cheusi ni dharura: arudi hospitali mara moja, hata iwe usiku wa manane.

Mwisho, kuondolewa kinyama si mwisho wa kufuatiliwa. Kinyama kikubwa kilichotolewa vipande vipande kwa kawaida huhitaji kamera ya marudio baada ya takriban miezi sita, kwa kuwa mabaki madogo huweza kuota tena. Mgonjwa asiyerudi kwa sababu anajisikia mzima hujirudisha mahali pale alipoanzia.

Maswali ya kujipima

Maswali haya yanaweza kutumiwa na msomaji mmoja, au kujadiliwa katika mikutano ya vitongoji na vikundi kwa kushirikiana na wahudumu wa afya ngazi ya jamii.

1. Kwa nini kina cha uvimbe humjali daktari kuliko upana wake?
2. Mto wa maji unaowekwa chini ya uvimbe una kazi gani mbili?
3. Mtu anayeona damu chooni na kudhani ni bawasiri anakosea wapi?
4. Ni kwa sababu gani kusubiri hadi chakula kikwame ni kuchelewa?
5. Katika kaya yako, nani ana hali mojawapo kati ya zile sita, na ataondoka siku gani kwenda kupimwa?

Swali la tano ndilo lisilojibiwa kwenye karatasi.